Kupanga sikukuu ya boti na skii ziwani wakati wengi wenu hamjui kuogelea

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne grupu letu la WhatsApp linachangamka na habari za sikukuu ya tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, twende wapi, nani analeta nini, na siku hizi jibu ni moja tu, ziwani, tukodi boti, na watoto ndo usiseme, wao wanataka skii, yaani kuvutwa na boti wakiteleza juu ya maji kwenye mbao mbili. Tunaishi Minnesota, jimbo ambalo hata pleti za magari yake zimeandikwa maziwa 10,000, na ukihesabu yale ya ekari 10 kwenda juu yanafika 11,842, kwa hiyo ziwa sio shida, ziwa liko nyuma ya kila mtaa. Mi nipo kwenye kamati ya kuandaa na nimeamua kuyaandika niliyojifunza, kwa sababu naona grupu nyingi za Watanzania na Wakenya huku zinapanga hizi sherehe kuanzia kwenye nyama na muziki, maji yanafikiriwa mwisho kabisa wakati watu wameshafika ufukweni, na hilo linaniuma kweli. Humu humu kwenye grupu tumeshachangishana kusafirisha mwili wa kijana aliyeenda pikiniki ziwani na marafiki zake. Hiyo haisahauliki.

Kwa hiyo sisi tunaanza na swali moja kabla ya tarehe, kabla ya hela, kabla ya yote, nani anajua kuogelea? Na usiliulize hadharani kwenye grupu, hasa kwa wanaume, mtu mzima na heshima zake hawezi kuandika mbele ya shemeji zake na vijana kwamba hajui kuogelea, atakaa kimya au ataweka emoji ya kucheka, alafu siku ya siku unamkuta kwenye ncha ya gati anataka kuruka kwa sababu wenzake wameruka. Tunawatumia meseji mmoja mmoja. Unaogelea kweli, yaani ukiangushwa katikati ya ziwa unaweza kujikalisha juu ya maji dakika kadhaa? Unaelea kidogo tu? Hujui kabisa? Na majibu yakirudi utashangaa. Mtu akikwambia amekulia Mwanza au Musoma au Kisumu usidhani ndo muogeleaji huyo, mi mwenyewe nimekulia Mwanza, nyumbani maji unayaona ukifungua dirisha, lakini ziwa lilikuwa la dagaa na sangara, la kufua, la kupanda meli kwenda Bukoba au Ukerewe, na sisi watoto tulichapwa tukionekana tumelowa, maana kuna kichocho na sehemu nyingine kuna mamba. Wazazi walikuwa na sababu zao za msingi. Ila matokeo yake ni kizazi kizima kimekua kando ya ziwa na hakijui kuogelea, kimekuja huku kimezaa watoto ambao wamefundishwa shuleni au YMCA, sasa unakuta mtoto wa miaka tisa ndo muogeleaji pekee wa familia. Lazima uijue hiyo picha kabla hujalipia boti hata moja.

Ukishakuwa na orodha hiyo ndo unakuja kwenye tarehe, na hapa huku kwetu kuna kisanga chake kwa sababu nusu ya watu wetu wanafanya kazi kwenye nyumba za wazee na kwenye hospitali. Wazee hawaendi likizo. Ratiba za shifti ni wikiendi moja unafanya moja unapumzika, na sikukuu zinagawanywa kwa zamu, ukifanya ya Krismasi unapumzika ya Julai, alafu siku ya sikukuu malipo ni moja na nusu, kwa hiyo hata ambaye yuko ofu anapigiwa simu aje na anaenda, na humlaumu mtu ana karo za wadogo zake nyumbani anazilipa. Tulichogundua ni kwamba ukiikazania tarehe 4 yenyewe unapata theluthi ya watu na unapata ziwa lililojaa boti mpaka maji yote yanachafuka kwa mawimbi. Jumamosi inayofuata ni bora mara kumi. Ziwa limepoa, bei za kukodi zinashuka kidogo, watu wa shifti ya usiku wanaweza kulala asubuhi na kuja saa nane mchana. Tunaitangaza mapema kabla ratiba za mwezi wa saba hazijatoka, ili mtu aombe ruhusa au abadilishane na mwenzake.

Hela nitaigusia kidogo tu maana kila mtu anajua michango yetu ilivyo. Ahadi hailipi boti. Tunaweka siku ya mwisho, mweka hazina anabandika orodha ya waliolipa tu, asiyekuwemo hatajwi wala hasemwi, atajiona mwenyewe. Na kitu kimoja muhimu, kabla hamjatuma senti someni mkataba wa boti wote mpaka mwisho, hasa mvua ikinyesha inakuwaje, mnarudishiwa hela au mnahamishiwa siku nyingine. Kuna mahali tulitaka kukodi tukakuta mvua ni juu yako, dhoruba ni juu yako, hela hairudi. Tukaachana nao. Sababu sio ubahili. Watu wakishajua hela hairudi watataka kuingia majini hata kama mawingu yamekuwa meusi, na hapo ndo mkataba wa karatasi unageuka kuwa hatari ya roho za watu.

Ziwa tulilolichagua ni Pepin, kule Lake City, unashuka na barabara ya 61 unapita Hastings na Red Wing, kama saa moja na nusu hivi toka Minneapolis. Lenyewe hasa ni mto Mississippi uliotanuka, urefu kama kilomita 35, upana unafika kama kilomita 3, ng'ambo ya pili ni Wisconsin. Tulilitaka hilo kwa ajili ya watoto, kwa sababu skii za majini zilianzia pale pale. Mwaka 1922 kijana mmoja wa Lake City, Ralph Samuelson, aliona kama watu wanateleza kwenye theluji kwa nini wasiteleze juu ya maji. Akajaribu na mbao za mapipa, ikashindikana, akajaribu na skii za theluji zenyewe, ikashindikana, akaenda kununua mbao za msonobari za futi 8, akazichemsha ncha kwenye sufuria kubwa ya mama yake ili azipinde zitazame juu, akafunga mikanda ya ngozi katikati ya kuwekea miguu, na kamba yake ilikuwa ile ya kunyanyulia madirisha. Kaka yake Ben ndo alikuwa anaendesha boti. Akaanguka na kuanguka, mpaka tarehe 2 Julai, kesho yake anatimiza miaka 19, akajiegemeza nyuma akainua zile ncha zikatoka nje ya maji kabla boti haijavuta, na akasimama. Hakuchukua hata hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, miaka mitatu baadaye mtu mwingine huko New York ndo akasajili skii zake, na Samuelson alikaa mpaka 1966 ndo chama cha skii cha Marekani kikamtambua rasmi kwamba ndo wa kwanza. Binti yangu alipoisikia hii habari aliniuliza swali zuri sana, baba, mama yake alisemaje kuhusu ile sufuria?

Lakini Pepin sio ziwa la mchezo na hili nilitaka kila mzazi alijue kabla hajaja. Kwa vile ni refu na limekaa katikati ya vilima upepo ukiliingia kwa urefu wake mawimbi yanakuwa makubwa haraka sana, alafu kuna matishari makubwa ya nafaka yanayopita kwenye njia yao ya mto na yale hayasimami ghafla kwa ajili ya mtu. Na lina msiba wake. Tarehe 13 Julai 1890, siku ya Jumapili, meli ndogo iitwayo Sea Wing ilikuwa imebeba familia zilizoenda Lake City kutembea na kuangalia kambi ya wanajeshi, jioni wakati wa kurudi dhoruba ikawapiga, meli ikapinduka, wakafa watu 98. Watu wa sikukuu. Watu waliovaa nguo zao nzuri za Jumapili na watoto wao.

Niliposimulia hilo kwenye kikao cha maandalizi, kuna mama mkubwa wetu mmoja, mwenyeji wa Bukoba, alinyamaza kwa muda alafu akasema mwanangu hayo mimi nayajua. Hakuhitaji kueleza zaidi. Wa kanda ya ziwa wote tuliokuwa pale tulijua anaongelea nini, MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wameondoka karibu kabisa na Mwanza, na hatukumaliza kulia tukaja kuzika wengine wa MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara, kivuko cha kubeba abiria 101 kilikuwa kimejaza kupita kiasi, wakafa watu 228, na gati wanaliona kwa macho. Watu walikuwa wameshaanza kusogea upande mmoja kujiandaa kushuka.

Nayasema haya kwa sababu ndo kiini cha kupanga boti. Boti ya sherehe inayopendwa huku ni ile pontuni, sakafu bapa imekaa juu ya mitungi miwili mirefu ya alumini, ina viti kama vya sebuleni, kapaa kadogo ka turubai, nyingi zinabeba watu 10 mpaka 12. Inaonekana imara kabisa kwa hiyo watu wanadhani haiwezi kufanya kitu. Sasa watu wetu ni zaidi ya thelathini na wamekodi moja. Unajua kitakachotokea. Mama anasema huyu mtoto nitampakata, shemeji anasema mi nasimama hapa pembeni, anaongezeka mmoja anaongezeka mwingine, wanafika katikati ya ziwa mtu anaita njooni tupige selfi na wote wanakimbilia mbele. Pontuni ikiwa na mzigo wote mbele ile pua yake inazama na maji yanaingia yanatembea sakafuni mpaka kwenye miguu ya watu. Ile idadi waliyokuandikia ni pamoja na watoto, hata mchanga wa kupakatwa ni mtu, na kuna uzito wa jumla pia ambao hata deli la barafu na masufuria ya pilau yanahesabiwa humo.

Tukampa mama mkubwa kazi ya gati. Yeye hakutaka kupanda boti na hatukumlazimisha. Alikaa kwenye kiti chake pale mwanzo wa gati na kanga yake begani, na karatasi ya majina kwa kila safari, watu kumi tu hata kama boti imeandikwa 12, na kila mtu anayepita anamgusa bega anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Akifika kumi anaweka mguu. Jamaa mmoja mkubwa tu mwenye sauti akajaribu, mama, mmoja tu jamani, nafasi si ipo, akaangaliwa na kuambiwa baba kaa chini, utaenda na hiyo inayofuata. Akakaa. Hakuna dereva wala mwenye boti angeweza kumwambia vile na akasikia. Kila grupu ina mama wa namna hii, mtafuteni, mpeni kiti na kivuli na soda, mpeni mamlaka kamili.

Laifujaketi, yaani jaketi la kukuelesha majini. Sheria ya Minnesota inataka kila mtu kwenye boti awe na yake inayomtosha, watoto chini ya miaka 10 lazima waivae muda wote boti ikiwa inatembea, na boti ya futi 16 kwenda juu iwe pia na boya la kurusha. Sisi tunasema wote wanavaa, wakubwa kwa wadogo, bila majadiliano. Watu wazima ndo wabishi. Wanaiweka chini ya kiti wanaikalia, sasa ukiangukia kwenye maji marefu hujui kuogelea utaivaa saa ngapi? Na kuivaa kuna namna yake. Zimeandikwa uzito ndani, chini ya ratili 30, 30 mpaka 50, 50 mpaka 90, na zaidi ya 90 za wakubwa, unafunga mikanda yote, alafu unamshika mtoto kwenye mabega ya hiyo jaketi unaivuta juu kwa nguvu. Kidevu kikipita ndani na masikio yakifunikwa hiyo ni kubwa, mvue, tafuta nyingine. Tulipofanya hilo zoezi uani kwangu wiki moja kabla watoto wengi walikuwa wameletewa jaketi za kaka zao, mama anasema atakua nayo. Kwenye viatu vya shule sawa, hapa hapana. Na zile zinazojijaza hewa zenyewe hazifai kwa skii kabisa, mtu anaanguka kwa kasi, anahitaji ile ya sponji.

Kuna mambo ambayo maelekezo ya boti ya wenyeji hayataji kwa sababu hayawahusu, nguo na nywele. Dera ni vazi zuri la ufukweni lakini likilowa ni mzigo, linakuvuta na linajisokota miguuni, na kitambaa kinachopepea karibu na propela au kamba hakifai. Tuliwaomba akina dada mapema kabisa, ukiwa gatini vaa upendavyo, ukipanda boti vaa kitu cha kubana kidogo, suruali ya mazoezi na fulana ya mikono mirefu, na wale wa hijabu siku hizi zipo nguo za kuogelea za kujisitiri mwili mzima zinauzwa kwenye mtandao ila agiza mapema. Nywele, hili lichukulieni kwa uzito jamani. Mtu amesuka jana kwa masaa sita na hela nyingi, hawezi kuingia majini na hatasema sababu, atasema tu sijisikii, mnabaki mnadhani anaogopa. Tukiwaambia mapema wanapanga, anasuka zile za kulala kichwani anavaa kofia ya kuogelea, na anaskii vizuri kabisa. Wigi liachwe kwenye gari. Na mafuta ya jua pakeni hata sisi, jua linalorudi toka kwenye maji linaunguza ngozi nyeusi pia.

Sasa skii yenyewe. Pontuni za kukodi nyingi mkataba unakataza kuvuta mtu, kwa hiyo ni lazima boti ya pili, yenye injini ya nguvu na mahali pa kufungia kamba. Sisi tulimpata mfanyakazi mwenzangu, mzee wa kizungu amezaliwa na maziwa haya na boti yake mwenyewe, tukamlipia mafuta na tukamlisha, na yeye alikuwa na sharti moja, tuanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu walilalamika sana. Ila ukifika pale asubuhi hiyo unaelewa, maji yamelala kimya, hakuna upepo, hakuna boti nyingine, ikifika saa tano ziwa limeshachafuka kwa mawimbi na mtu anayejifunza hawezi tena. Kwa hiyo ratiba yetu ikajipanga yenyewe, vijana na skii alfajiri karibu na ufukwe mbali na njia ya matishari, familia na pontuni kuanzia saa nne, chakula mchana.

Kwenye boti ya skii wanakaa watu wasiopungua wawili, dereva anaangalia mbele, na mwangaliaji anaangalia nyuma tu, hachezi na simu, sheria hapa inataka awepo mwangaliaji au kioo kipana cha kuonea nyuma, mi nasema mtu ni bora kuliko kioo. Kamba ni kama mita 23. Kwa sababu injini inaunguruma hamsikiani mnaongea kwa mikono, dole gumba juu ongeza mwendo, chini punguza, mkono kwenye kichwa nirudishe, mkono kukata shingo zima injini. Na ukianguka ukiibuka kitu cha kwanza inua mikono, maana yake niko salama, ukikaa bila kuinua boti inakuja mbio. Watoto walizifanyia mazoezi nchi kavu mpaka wakawa wanazitumia mezani kuomba kuku. Dereva anaporudi kumchukua mtu anakuja polepole akimweka upande wake anaomuona, na mtu hapandi ngazi ya nyuma mpaka injini imezimwa kabisa. Imezimwa, sio imewekwa fri. Na ile kamba nyekundu ya swichi dereva anajifunga nayo, akichomoka kwenye kiti injini inakufa.

Nilikaa kwenye kiti cha mwangaliaji karibu asubuhi yote na nikaona kila mtu anaanguka kwa sababu ile ile. Boti ikivuta anataka kusimama haraka, ananyoosha miguu, anaivuta kamba kifuani, anapigwa na maji usoni anakwenda kichwa mbele. Mzee wetu hakuwa na maneno mengi, aliwaambia usiivute kamba, iache ikuvute. Unakaa majini umejikunja kama umekaa kwenye kigoda, magoti kifuani, mikono imenyooka, ncha za skii zinachungulia na kamba imepita katikati yake. Kamba ikikaza dereva anauliza tayari, unajibu, na boti inaondoka. Hapo unatulia. Kwa sekunde mbili tatu hakuna kinachoonekana isipokuwa maji meupe na mtu yuko ndani yake, alafu ghafla yale maji yanateremka na anatokea, bado amechuchumaa, anainuka taratibu. Mwendo wa maili 15 mpaka 20 kwa saa unatosha kwa anayeanza, watoto wadogo chini ya hapo.

Aliyenigusa zaidi ni dada mmoja nesi, ana zaidi ya miaka arobaini, alitoka shifti ya usiku akaja moja kwa moja na suti yake ya kazi ndani ya gari. Huyu kwenye orodha yangu alikuwa ameandika najua kidogo, na majira ya baridi yote alikuwa anaenda bwawani Jumatatu bila kumwambia mtu. Akaanguka, akainua mikono. Akaanguka tena, akainua mikono. Mzee akamuuliza unapumzika? Akatikisa kichwa. Iliyofuata akasimama, magoti yanatetemeka naona toka kule, mdomo wazi, na ufukweni watoto wake wanapiga kelele mamaaa. Alikwenda mpaka karibu na mdomo wa bandari ya boti akaachia kamba mwenyewe akazama taratibu mpaka jaketi ikamshika. Nilipomvuta ngazini alikuwa analia na anacheka, akaniambia kaka naomba maji ya kunywa.

Hali ya hewa inahitaji mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Mwezi wa saba huku asubuhi inaweza kuwa nyeupe kabisa na ikifika jioni dhoruba inakuja toka magharibi kwa kasi, kwa hiyo mmoja wetu kazi yake ilikuwa rada ya mvua kwenye simu na kutazama mbingu. Tulikubaliana kabla, ngurumo moja ikisikika boti zote zinarudi gatini, na hakuna kurudi majini mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho. Ilitokea saa tisa hivi. Kulikuwa na watu ambao zamu yao ya boti ilikuwa bado na walikasirika, na kwa kweli mvua yenyewe ilikuja ndogo. Hatukubishana, tukala.

Chakula sitaandika sana, mbuzi wa kuchoma, kuku, pilau kwenye hotpoti, kachumbari, ndizi. Pombe ndo lazima niseme. Sheria za ulevi kwenye boti ni kama za gari, kipimo cha pombe kwenye damu ni 0.08, lakini jua na mtikisiko wa maji vinamlegeza mtu hata akiwa chini ya hapo. Kwetu bia zilifunguliwa baada ya boti zote kufungwa. Makopo tu, hakuna chupa, watoto wako pekupeku.

Watu wakianza kufungasha kuna kazi ya mwisho ambayo kwetu watu wa Victoria haihitaji maelezo marefu, tumeona gugumaji lilivyoziba mialo yetu. Huku balaa ni kome wadogo wenye milia, wanaganda kwenye boti wanahamia ziwa jingine. Boti ikipanda kwenye trela unatoa majani yote, unafungua kizibo cha chini maji yatoke, na sheria inataka kizibo kiwe wazi njia nzima mpaka nyumbani. Vijana wetu wanne walimsaidia mzee kuipangusa yote mpaka trela. Watoto nao tukawakausha kwa taulo na kuwabadilisha, maana maziwa mengi ya huku yana vijidudu vya ndege ambavyo ni ndugu na vile vya kichocho, havikui ndani ya mtu ila vinaleta vipele na muwasho wa siku kadhaa.

Jumatatu mweka hazina alibandika hesabu kwenye grupu, boti, mafuta, mkaa, mbuzi, kila risiti na picha yake. Hela ilibaki. Wengine wakasema irudishwe, wengine iwe ya mwakani, yule dada nesi akaandika iende kwenye darasa la kuogelea la watu wazima kuanzia mwezi wa kumi. Kufika usiku majina yalikuwa yameshaanza kujipanga chini yake, na wa kwanza kujiandikisha alikuwa yule jamaa mwenye sauti aliyeambiwa akae chini.